Jogoo wa Kipaimara

Monika hakuhitaji kutega sikio. Mama mmoja, mkazi wa Kasense, aliyeketi mbele yake kwenye gari la abiria alikuwa anafoka: “Kitunguu saumu natwanga mwenyewe, nachanganya kwenye pumba, na kuku wangu hawaharishi! Wewe unaniita mshirikina?”

Aliyeketi kando ya mama huyo, muuza dawa za mifugo aliyepakata jogoo, alicheka. “Mama, bakteria haogopi viungo vya pilau. Weka antibayotiki kwenye maji, kila siku.”

“Kila siku! Wanetu wale mayai hayo, halafu wakiugua dawa zigome? Na huyo jogoo, naye umemnywesha?”

“Huyu?” Alimpapasa mgongo bila hata haya. “Huyu ni wa kipaimara cha binti yangu. Nimemfuata kijijini kabisa, hajaguswa na dawa.”

Gari likasimama Kasense. Kilikuwa kituo cha mama, lakini hakushuka; alimgeukia muuza dawa: “Kumbe wa binti yako hanyweshwi dawa!”