Sitamtaja Jina

Mheshimiwa Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, mama kiongozi wa maombi, wanakwaya, ndugu wageni waalikwa, nanyi mliokosa viti mkasimama ukutani: Bwana asifiwe.

Leo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Mwezi huu natimiza miaka thelathini na minne tangu niukimbie mji huu na begi moja la nguo. Huko nilikofikia nilipewa chumba, nikapewa kazi ya ukarani wa ghala, hata heshima nikapewa, lakini sikupata mtu wa kuniita ndugu. Waliniita mgeni, baadaye wakaniita yule mzee wa ghalani. Neno ndugu nilikuwa nalitamka peke yangu, nisije nikalisahau.

Mmenialika nikate utepe wa chumba hiki cha maombi. Ni chumba kizuri. Rangi bado inanukia, mapazia yamepigwa pasi, zulia halijakanyagwa. Hongereni. Na kwa kuwa mmetaka mtu mzima aseme neno, nitalisema.

Jumatano dada yangu alinileta kwenye maombi ya katikati ya wiki. Tukafumba macho. Mama mmoja akaanza, kwa sauti tamu kabisa: "Ee Bwana, tunamleta mbele zako mpendwa wetu mmoja. Sitamtaja jina, Bwana. Ni yule mwenye tanuri la mikate, mwenye geti la bluu, ukipita duka la dawa mkono wa kushoto. Wewe wajua, Bwana, alivyomwacha mkewe akahamia kwa yule mwanamke wa saluni." Jirani yangu, macho kayafumba, akanong'ona, "Saluni ipi, ya juu au ya chini?" Na yule mama, bila kukatisha maombi, akajibu, "Ile ya chini, Bwana."

Mnacheka. Nami ningecheka, kama mwenye tanuri asingekuwa mkwe wetu, na kama mkewe, mtoto wa dada yangu, asingekuwa amepiga magoti nyuma yangu, akisikia ndoa yake ikielekezwa kama mzigo unaopelekwa nyumba ngeni. Tangu lini Mungu akahitaji kuonyeshwa njia? Nani humu ndani aliyekuwa hajui mtaa?

Asije mtu akasema mzee anatetea uzinzi. Mkwe wetu alizini. Alimwaibisha mkewe mbele ya watoto na wateja, na hilo silipaki sukari. Lakini Bwana wetu alituachia utaratibu ambao hata mtoto wa shule ya Jumapili anaujua: ndugu yako akikosa, mwendee, wewe na yeye. Wazee wa kanisa mlioketi mbele, nani kati yenu alimwendea? Nani alipiga hodi akamwambia usoni, "Ndugu yangu, umekosa"?

Naona mnatazama viatu.

Alikwenda mmoja. Ni dada yangu, mama mkwe wake, ambaye angeweza kukaa ndani akalia na hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda mchana kweupe mpaka nyumba ya yule mwanamke wa saluni, akamkuta mkwewe sebuleni. "Baba, leo tuweke ukwe pembeni," akamwambia. "Umetenda dhambi, na unajua." Mkwe akauliza, "Mama, nani amekutuma?" Akajibu, "Hakuna anayejua nimekuja. Ukitaka wajue, watangazie mwenyewe." Siku hiyo alirudi mikono mitupu. Akaenda tena, na tena. Mara ya tatu walirudi pamoja, na mkewe, baada ya kulia na kumpa maneno yote aliyostahili, akamsamehe. Wakafunga mlango wao, wakaanza kujiuguza.

Hayo yalikwisha kabla ya mvua za masika. Ninyi ndiyo kwanza mnaanza.

Na mlipogundua kwamba dada yangu alijua mapema, mlimfanyaje? Mlimvua uongozi wa akina mama. "Ulificha dhambi, dada," aliambiwa. "Ungeileta kwenye maombi." Kwa hiyo aliyekwenda ameadhibiwa, na waliosimulia wamejengewa chumba.

Baba Mchungaji, nakuona unapangusa jasho. Juzi nilikuja ofisini kwako, mimi na wewe. Jana nikaja tena na dada yangu awe shahidi. Mara zote mbili uliniambia, "Mzee, tusiharibu sherehe." Leo naliambia kanisa, kwa maana ndivyo tulivyofundishwa: kwanza wawili, kisha mashahidi, kisha kanisa. Wala sijamwibia mtu siri yake. Mtoto wa dada yangu mwenyewe aliniambia, "Sema, Mjomba. Wao wameshasema kwa kunong'ona, wewe sema kwa sauti."

Mkwe wetu naye aliniambia huku akikanda unga, "Mjomba, Mungu hanitishi. Nimemlilia, tumeelewana. Wanaonitisha ni hawa wanaoniombea." Ameacha kuja ibadani. Nilimsihi aje leo, mara moja tu, na nina hofu kwamba mkimkosa leo mmemkosa moja kwa moja.

Maana amekuja. Mikate mliyokula na chai asubuhi ni ya mkono wake. Mliiagiza kwake, kwa kuwa dhambi yake haikuharibu ladha. Alipoileta mkampokelea mlango wa jikoni, mkamwambia angoje trei zake hukohuko. Yuko hapo sasa hivi. Amevaa suti yake ya harusi. Ninyi mnaojua kusoma mambo ya watu, hilo mmelisoma? Ni nani huvaa suti kwa ajili ya kungoja trei?

Baba Mchungaji, utepe sitaukata. Mkasi nauweka hapa mezani. Mlango wa jikoni uko kushoto kwako, na kiti changu mstari wa mbele ki wazi. Nenda wewe mwenyewe, mshike mkono, umwambie lolote linalostahili kuambiwa ndugu aliyekosa akatubu, kisha mlete aketi. Mimi nanyamaza ili upate nafasi ya kusimama.

Naona bado umeketi, Baba Mchungaji. Nawashukuru mlionisikiliza, nawashukuru zaidi mlionivumilia. Mmeniuliza mara nyingi kama nitarudi kuumalizia uzee wangu hapa, kati ya ndugu. Nilikuja na jibu moja, naondoka kesho na jingine. Sitarudi.