Tezi Zilizozunguka Tumbo Langu

Wapendwa, muniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Kusimama bado kunanichokesha, na sauti nayo iko kidogo.

Miye ni muntu wa ng'ombe, wa kule Rurambo, munanijua. Niliumwa tumbo muda mrefu. Chakula hakikukaa, hata maziwa niliyokunywa tangu utoto yakanishinda. Nikanywa majani ya kila jirani. Siwalaumu, walinipenda. Lakini nilikonda mpaka muke wangu, mama watoto, akasema basi. Wanaume wa kanisa wakanibeba mu kipoyi, kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, mpaka barabara, tukafika Uvira, Uvira wakanituma Bukavu. Wakapima. Ilikuwa kansa ya tumbo.

Munganga wa hospitali akaeleza: "Nitaondoa sehemu kubwa ya tumbo, pamoja na tezi zinazolizunguka."

Yaya yangu, ndiye kaka yangu mukubwa na kichwa cha familia yetu, akakataa. Na kwetu, mukubwa asipokubali, hakuna kinachofanyika.

"Ondoa kidonda cha kansa," akasema. "Hizo tezi zimekosa nini?"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilikuwa upande wake. Nilishachoka. Niliona wanataka kunimaliza vipande vipande. Mama watoto akageukia ukuta, akalia.

Kesho yake munganga akarudi. Alikuwa ametusikia tukizungumza habari za ng'ombe. Akamuuliza yaya: "Ng'ombe akipata homa ya kupe, munamushika wapi kwanza?"

Yaya akajigusa chini ya sikio. "Hapa. Tezi zinavimba mbele ya yote."

"Na zisipovimba, ng'ombe ni muzima?"

"Hapana. Ugonjwa unaweza kuwa umekwisha kuingia."

"Basi hizi ziko ndani, siwezi kuzishika kwa mukono. Kansa inapita humo ikienda mbali. Nikiziacha, nitafunga mulango mwizi akiwa ndani ya nyumba."

Yaya akaniangalia sana. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Ziondoe."

Wakanipasua, na majibu ya maabara yalikuja baadaye. Tezi nyingi zilikuwa safi. Zingine zilikuwa na kansa, na kwa macho hazikuonyesha kitu. Yaya alipoambiwa alitoka nje, akakaa huko peke yake.

Kisha zikafuata dawa za kansa za kupitisha mu mushipa, ambazo sitaki hata kuzikumbuka. Leo ninakula kidogo kidogo kama mutoto. Nikizidisha, jasho linanitoka na moyo unapiga mbio. Nimechoka, wapendwa, uchovu ambao usingizi hauumalizi. Lakini niko.

Aksanti kwenu mulionibeba, na kwenu mama muliomupikia mama watoto uji alipokuwa hawezi kusimama kwa uchovu wa kuniuguza. Aksanti kwa munganga, aliyerudi kwa watu waliomukatalia. Tumbo likiuma bila kuacha, mushuke mapema hospitali. Na munganga akitaka kuondoa kitu munachokiona kizima, mumuulize sababu, halafu mumusikilize mpaka mwisho.

Yaya hayuko hapa. Anachunga ng'ombe zangu, maana mulima umenishinda. Kila jioni ananipigia simu kuuliza kama nimekula. Jana nilimujibu, "Nimekula, na chakula kimekaa." Halafu nikamusikia analia, yaya yangu, ambaye hata baba yetu alipokufa hakulia.