Rebeka Kanze Mwinga, Mwenye Nyumba wa Msambweni

Marehemu Rebeka Kanze alizaliwa Kinango tarehe 3 Machi 1901, binti wa mzee Mwinga, mfugaji wa ng'ombe. Alisoma miaka minne katika shule ya misheni, akabatizwa, na mwaka 1921 akaolewa na Yona Ziro. Walijenga Msambweni nyumba ya vyumba sita, kuta za udongo na paa la makuti. Yona alipofariki mwaka 1939, kupangisha vyumba vile ndiko kulikolea watoto.

Kila mwaka kabla ya masika Kanze aliezeka upya palipooza, hakungoja mpangaji alalamike. Wapangaji nao walifagia ua kwa zamu, na aliyetaka kuhama alitoa taarifa mapema. Hakuingia chumba cha mtu bila kupiga hodi. Siku moja mwanawe Chirau alimcheka alipombishia hodi mpangaji wake Mbeyu: "Mama, unapiga hodi kwako mwenyewe?"

"Nyumba ni yangu, baba. Chumba ni cha Mbeyu."

Mwaka 1953 alimpangisha Alfani Boga, seremala aliyetibiwa ukoma hospitalini akapona, ila vidole vilibaki vimepinda. Wapangaji wakaingiwa na hofu. Salimu, mumewe Mbeyu, akaja kusema kwa niaba yao.

"Shikamoo mama. Tunakuheshimu, lakini huyu akikaa, sisi tunahama."

"Marahaba mwanangu. Daktari amesema amepona, nami nimeshampa ufunguo. Kosa lake ni lipi hata nimtoe?"

Walihama wote. Masika yale yalikuwa magumu. Kanze hakuwa na pato jingine, akauza mbuzi wake apate makuti ya kuezekea vyumba visivyo na watu. Usiku alilia, bintiye Dama alimsikia. Lakini kila jioni alikaa barazani na Alfani wakala sinia moja, wapita njia wakiona.

Mbeyu ndiye aliyetangulia kurudi. Alikuja peke yake, akanawa mikono, akakaa kwenye sinia, akala. Siku chache baadaye Salimu akafika na mizigo kichwani, ameinamisha uso. Kanze hakumsuta. Alimfungulia chumba kilekile. "Hakivuji tena. Karibu, mwanangu."

Mwanzoni mwa mwaka huu miguu ilianza kumvimba, na daktari akasema moyo umechoka. Alfani alimtengenezea kiti cha kuegemea, Mbeyu alimwogesha. Hata hivyo kila asubuhi aliuliza zamu ya kusafisha choo ni ya nani. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1958, mkono wake ukiwa mkononi mwa Dama.

Ameacha watoto wawili, Chirau na Dama, wajukuu watano, na wapangaji wake, ambao tangu juzi hakuna aliyekwenda kazini. Jeneza hili amelichonga Alfani. Lilipotolewa nyumbani leo, yeye alishika upande mmoja, na upande wa pili, bega kwa bega naye, alishika Salimu.

Mola ampokee mama yetu, ampumzishe kwa amani.