Bonde Ambalo Isidori Lyaruu Hakulipima

Mzee Isidori Lyaruu alizaliwa Kibosho, Moshi, tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu wa Mzee Pius na Mama Candida. Alisoma hukohuko, kisha sekondari mjini Moshi. Mwaka 1970 alihitimu upimaji wa ardhi Dar es Salaam, akaajiriwa serikalini.

Mwaka 1974 alitumwa pamoja na wenzake watano kupima milima ya Udzungwa. Picha za milima zilikwisha kupigwa kutoka kwenye ndege. Wao walipanda kwa miguu kuzihakiki, vyombo mgongoni. Walikaa msituni miezi minne.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Severa kanisani Msimbazi, wakaishi Ilala. Alipostaafu, 2002, alishinda dukani kwa mkewe, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akiwachorea wageni njia kwenye vipande vya boksi.

"Mzee wangu," jirani yao Zamzam, muuza mashuka, alimwambia, "nimekuuliza stoo ya Abdulrazak, wewe wanichorea miinuko! Kariakoo ina mlima?"

"Subiri mvua, mwanangu. Utaniambia maji yanaelekea wapi."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Machi mwaka huu wa 2024, akiwa kitandani, alimweleza Severa jambo. Kule Udzungwa, bonde moja lilifunikwa na wingu katika kila picha. Desturi ya kazi ni kuliacha jeupe kwenye ramani mpaka mtu alifikie kwa miguu. Chakula kilikuwa kimekwisha, wenzake wana homa. Isidori hakulifikia. Alichora mistari ya mwinuko kwa kukisia, akaandika kwenye kitabu cha vipimo kwamba amepima. Ramani ikachapwa hivyo.

"Habari hii isomwe siku ya kunizika, Mama Evelyn. Watu wa ofisini watakuwepo."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi. Severa alikuwa ametoka kuchukua maji ya moto.

Kwenye kikao cha msiba, Allen, mdogo wa marehemu, alikataa. "Shemeji, marehemu hasemwi vibaya."

"Hasemwi, shemeji. Anasema mwenyewe."

Kwa hiyo imesomwa.

Ameacha mjane, watoto watatu, Evelyn, Robert na Angela, wajukuu saba, na mdogo wake Allen. Familia haijui kama yupo aliyepotea kwa kuifuata ramani ile. Marehemu naye hakujua. Familia inawaomba wenzake wa kazini waliopo hapa wakaifute ile mistari, bonde libaki jeupe.

Bwana ampumzishe Isidori kwa amani. Ameshasema.