Raundi ya Mgeni

Benchi letu la Manundu limeegemezwa juu ya vipande viwili vya reli ya kiberenge cha mkonge, na ubao wake uliwahi kuwa mlango wa duka la ushirika. Duka lilipokufa na biashara ikawa huria, Hamisa alifungua mahali pake kibanda cha mashine ya ngumi: kabati la gemu lililochokwa na Wajapani, likapakiwa melini pamoja na redio za mitumba, likatufikia Korogwe likiwa na kioo, vijiti viwili na sauti ya mtu anayepigwa. Aliyekalia kiti cha kibanda hicho ni Sadala, bingwa wetu. Vijana hulipa ili wajaribu kumshinda, naye Hamisa humpa ujira unaomlisha yeye na mama yake. Mwaka huu Bwana Morita, mtaalamu wa mpunga aliyekuwa akipigwa na Sadala kila Jumamosi, aliporejea kwao Japani alimkatia tiketi akacheze katika tamasha lao, ambako mabingwa wakubwa huketi na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kuwakabili. Sadala akaenda, akapigwa, akarudi. Sasa Handeni wametuma habari kwamba wanaleta mtu wao, na Hamisa ametangaza kuwa atakayeshinda leo atachukua kiti. Nilipofika, kahawa ilikuwa bado ya moto na kesi ilikwisha kuanza.

Mshtakiwa, Sadala, alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kikombe mkononi, hanywi. Waliokuwa wakimjadili mbele yake, kana kwamba ni marehemu, walikuwa wawili: Muhsin fundi baiskeli, tunayemwita Redio kwa sababu hakuna idhaa ya nje asiyoisikiliza, na Yordani, tunayemwita Wakili tangu aliposhinda kesi moja ya mbuzi kule Vugiri.

Redio: Mimi nasema ni umeme. Hapa kinu cha Matayo kikiwashwa, taa zinafifia, ngumi inakwenda taratibu kama mtu anasonga ugali. Mikono ya Sadala imezoea ngumi hizo. Kule umeme umeshiba, bwana! Ngumi inakufikia hujapepesa.

Wakili: Napinga. Umeme haushtakiki. Hii ni jinai. Hawa watu walipotuuzia mashine, waliifungua kwanza, wakatoa mateke yote mazuri wakabaki nayo. Sisi tumeletewa makapi.

Redio: Kumbe!

Wakili: Ndiyo soko huria hilo. Wewe unauziwa kabati, nguvu zinabaki ghalani.

Niliwaeleza kwamba kinu cha Matayo kiliwahi kuharibika msimu mzima na Sadala hakuacha kushinda. Na kwamba mateke, kama yaliondolewa, yaliondolewa kwa pande zote mbili za mashine. Walinisikiliza kwa adabu wanayompa mzee kabla ya kumpuuza.

Redio: Mzee Hesabu, shikamoo yako iko palepale, ila hujamfikiria Morita.

— Morita amefanya nini? niliuliza.

Redio: Morita alikuwa jasusi.

Wakili: Wa mpunga?

Redio: Mpunga ulikuwa geresha! Mtu anakuja toka Japani kutufundisha kupanda miche kwa kamba? Babu zetu hawakuwa na kamba? Alikuwa anatupima vidole, mshikaji. Kila ukichomeka mche, yeye anaangalia mkono. Sadala anafika kule, wanajua kidole gumba chake kinachelewa wapi.

Wakili: Na huyo bingwa wao aliyempiga, una hakika ni mtu?

Redio: Unamaanisha nini?

Wakili: Sadala mwenyewe alituambia juzi: kabla ya kucheza, jamaa aliinama. Akainuka. Akainama tena vilevile. Sasa mwanadamu akiinama mara ya pili lazima alalamike kiuno. Yule ni mashine, wamemvalisha shati.

Redio: Doh! Basi mtoto wa watu kapigana na mashine ndani ya mashine!

Nimetumia maisha yangu ya kazi kupanga mipango ya shamba la mkonge, hadi siku lilipopata mwenyewe mpya ambaye hakuona haja ya mipango wala mpangaji. Jambo moja nililojifunza ni hili: kabla ya kutafuta sababu, muulize aliyekuwapo. Nikamgeukia mshtakiwa.

— Sadala, mwanangu, huyo bingwa alipoanza kukupiga, wewe ulijibu kwa pigo gani?

— Hakuna, mzee.

— Hukuweza?

— Sikubonyeza kitu. Nilikuwa nasubiri.

Wakili: Unasubiri nini, mahakama ikae?

— Raundi ya mgeni, alisema Sadala.

Hapa Manundu anayetoka mji mwingine hupewa raundi ya kwanza. Mwenyeji huinua mikono juu ya vijiti, mgeni akaiona, akapiga mpaka akatosheka. Ndipo mchezo wa kweli huanza. Mgeni mwenye adabu hapigi kabla hajaiona mikono hiyo. Hata Morita alipewa raundi yake kila Jumamosi.

— Kule mashine zimepeana migongo, Sadala aliendelea. Humuoni mwenzako. Nikasema labda mikono ameinua, mimi sioni. Nikasimama nikachungulie kwa nyuma.

Redio: Ukaona?

— Nikaona anabonyeza kama mtu anapukuchua mahindi! Kurudi kitini, niko chini.

Wakili: Na raundi ya pili?

Sadala aliweka kikombe chini.

— Nikasusa.

Redio: Ulisusa? Japani?

— Nilisusa kabisa. Nikaondoa mikono, nikageuza uso nikatazama ukutani. Nikajua watakuja kunibembeleza.

Wakili: Wakaja?

— Wakapiga makofi. Yule bingwa akaja akainama. Morita akaniambia wamefurahi sana, wanasema mimi ni mtu mstaarabu.

Niliangalia chini. Shamba letu nalo lilipouzwa tulikaa hivyohivyo, tukisubiri wanunuzi watupe raundi ya kwanza, kisha tukasusa, na wao wakatusifu kwa utulivu wetu. Lakini wenzangu walikwisha kupata uhai mpya.

Wakili: Basi hatujashindwa! Tumesusa! Kushindwa na kususa ni vifungu viwili tofauti!

Redio: Tena sisi ndio tuliowanyima mchezo! Watakuwa wanajuta mpaka leo!

— Sadala, hapo ulituwakilisha, alisema Wakili, akamshika bega. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, bingwa alinyanyua kikombe na kunywa.

Hapo ndipo gari la Handeni liliposimama. Alishuka kijana wa Kang'ata hukohuko Handeni, Salaash, koti la mitumba juu ya shuka, nyuma yake washangiliaji wachache waliochoshwa na vumbi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Karibu, karibu kahawa.

— Asante, nitakunywa baadaye. Alisalimiana na Sadala kwa mkono, akauachia taratibu, akasema: Kaka, pole na safari ya Japani. Kuna jambo naomba kulijua kabla sijakaa. Mimi ni mgeni hapa. Raundi ya kwanza mnanipa, au siku hizi mnacheza kwa desturi za kule, sijui ni zipi?

Redio alimtazama Wakili. Wakili alinitazama mimi. Nilijaribu kupiga hesabu yake. Sadala akimpa, anarudia kosa lililomponza, na safari hii kiti kipo hatarini. Akimnyima, wale waliomdhulumu walikuwa na haki, na kususa kwake kote kulikuwa bure.

— Jamani, mwenzenu anauliza, alisema Hamisa kutoka mlangoni. Akawasha mashine.

Wakaketi. Salaash, kijana aliyelelewa vizuri, aliweka mikono magotini na kuitazama mikono ya Sadala. Sadala alikuwa amekamata kijiti kwa nguvu. Hakuinua. Hakubonyeza pia, kwa kuwa pembeni yake alikuwa na mgeni asiyepiga, anayesubiri kuiona mikono hiyo ikiinuka. Kwenye kioo wapiganaji wawili walirukaruka mahali pamoja, ngumi mbele, wakitazamana, huku wakati wao ukipungua hadi ukaisha. Mashine ikatangaza kwamba hakuna mshindi, ikaanza raundi nyingine, nao wakaendelea kurukaruka.