Pikapu ya Magadi Ilipogoma Kuwaka

Ndugu zangu, jina la Bwana lihimidiwe! Wazee wangu, shikamooni. Naomba nishuhudie nikiwa nimeegemea meza hii, maana uchovu bado haujanitoka.

Mnanijua. Ndimi ninayebeba magadi ya kulambisha mifugo kutoka ziwani kuwaletea wafugaji huku Gehandu. Mnajua pia kwamba mimi na mke wangu Paskalina tulizika watoto wawili waliozaliwa bila uhai. Ndugu zangu, nilichoka! Ibadani nilikuja, nyimbo niliimba, lakini kuomba mtoto nilishaacha.

Mimba ya tatu ilipotimia, uchungu ulimshika asubuhi. Nesi akaja nyumbani, akampima, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali haraka. Nikamlaza kiti cha mbele, nikapiga starta. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka.

Taa zilikuwa kali, kwa hiyo betri nzima. Mafuta nilijaza jana yake. Nikafungua plagi, cheche ipo. Majirani wakasukuma pikapu mpaka lango la zizi, wapi! Gari lingine la kijijini lilikuwa limekwenda mnadani. Ndipo mkaja ninyi wapendwa, mkazunguka gari, mkaimba, mkakemea pepo wa injini kwa sauti zote. Mungu awabariki, lakini nilishindwa hata kufikiri.

Paskalina akatoa kichwa dirishani. "Jamani, nawaombeni mnyamaze kidogo. Nimechoka."

Mkanyamaza. Nikainamia usukani nikasema, Bwana, hata mimi nimechoka, sina maneno. Sala yangu yote ilikuwa hiyo.

Mkono wangu ukafungua swichi tu, bila kupiga starta. Kimya. Ndugu zangu, kimya kabisa! Siku zote nikifungua swichi, pampu ya mafuta kule kwenye tangi hulia ziii kidogo. Siku hiyo haikulia, na kwa kelele zetu nisingejua kamwe!

Nikaingia uvunguni. Mvua ilikuwa imeyeyusha magadi, yakachuruzika chini na kuula waya wa ethi wa pampu, ule wa kurudisha umeme, pale unapofungwa kwenye chesisi. Na ng'ombe wangu kila jioni walikuwa wanakuja kulamba vyuma vile, mimi nikifurahi kwamba wananioshea gari! Waya ulibaki uzi wa kijani. Nikakata palipooza, nikakwangua chuma kwa kisu mpaka kikang'aa, nikaufunga upya. Nikafungua swichi: ziii! Nikapiga starta mara moja, ikawaka. Haleluya! Niliendesha nikilia njia nzima.

Hospitali walimpasua mara tu tulipofika. Mimi nikakaa chini ukutani, nimekwisha, sikuthubutu kutazama mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari akatoka, akaniambia, "Baba, umepata binti. Yuko hai, na mama yake pia."

Ndugu yangu uliyechoka mpaka maneno yamekuishia, mtumainie Bwana hivyo hivyo ulivyo. Siku ile imani sikuwa nayo ya kujivunia. Nilikuwa na uchovu tu, akaupokea.

Asanteni kwa kusukuma, na kwa kuomba. Asanteni hata kwa kukemea. Na wewe, mke wangu Paskalina, naona unainuka kumtoa mtoto nje kwa sababu analia. Kaa, mama. Mwache alie, tumsikie.