Katapila na Hoteli Tatu

Benchi liko nje ya duka la vifaa la Doreen Paquette, pale barabara kuu ya mji mdogo wa Kettle Narrows inapoishia ziwani. Lina nafasi ya watu watatu, na kila Jumamosi hukaliwa na watatu walewale. Arvo Niskanen, aliyeendesha mtambo wa manispaa wa kusukuma theluji kwa miaka thelathini na mmoja, huitwa Katapila. Gaston Belisle, fundi bomba mstaafu, huitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Wendell Oakes huitwa Daktari. Aliwahi kuendesha gari la wagonjwa. Kahawa huchemshwa ndani ya duka, na Doreen huimimina mwenyewe.

Jumamosi hiyo, ya kwanza ya Mei, Katapila alikuwa ameshika fomu. Kila majira ya baridi chama cha wavuvi huweka pipa jekundu katikati ya ziwa lililoganda, na mji mzima hubahatisha siku na saa litakapozama. Kwa miaka kumi na tisa Katapila aliandika jibu moja tu: tarehe ishirini na tatu Aprili, saa tano na dakika kumi asubuhi. Ndiyo saa ambayo gari lake mwenyewe lilizama palepale, yeye akiwa amesimama kando na mkate mkononi. Watu walimcheka miaka yote hiyo. Mwaka huu pipa lilizama tarehe ishirini na tatu, saa tano na dakika kumi na mbili. Zawadi ilikuwa wiki moja katika hoteli ya kifahari ufukweni, kwenye kisiwa cha Karibi, kwa watu wawili. Hoteli zilikuwa tatu, achague moja, na fomu imfikie katibu wa chama kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, zawadi inakwenda kwa mshindi wa pili.

Kwenye mstari wa kwanza wa fomu aliandika jina lake. Mstari wa pili ulikuwa mtupu, na alikuwa ameufunika kwa kidole gumba tangu saa tatu. Jina alilotaka kuliandika alilijua. Mwenye jina hilo alikuwa akimmiminia kahawa kwa miaka kumi na mmoja.

— Lulu Kuu, alisema Redio. Hakuna mjadala hapo. Ghorofa kumi na nne, mabwawa manne ya kuogelea.

— Bwawa la nini, na bahari iko mlangoni? aliuliza Daktari.

— Bahari ni ya kutazama, bwana. Wenye nacho wanaogelea bwawani huku wanaitazama.

— Wewe wenye nacho umewajulia wapi?

— Nimewazibulia mabomba.

Katapila alikohoa.

— Upepo unatoka wapi huko?

— Upepo gani tena?

— Mlango wa chumba. Kama unatazama kaskazini magharibi, mimi siendi.

Hakuna aliyecheka. Kettle Narrows mtu haweki kibanda cha kuvulia samaki kwenye barafu mlango ukiwa umeelekea kaskazini magharibi, na hakuna kati yao aliyeona kwa nini hoteli iwe tofauti. Daktari alichukua kijitabu cha picha za Lulu Kuu, akakizungusha mpaka kikawa kichwa chini.

— Kivuli cha mnazi kimelala huku. Kwa hiyo kaskazini ni hapa, kwenye mgahawa.

— Picha wamepiga asubuhi au jioni?

— Hawajaandika.

— Matapeli hao.

— Ndiyo maana nasema ghorofa, alidakia Redio. Ya tisa kwenda juu. Chini kuna kaa wa nchi kavu, wakubwa kama helmeti ya hoki. Wanafungua zipu za mabegi! Shemeji yangu walimwibia soksi.

— Nani anavaa soksi ufukweni?

Wote watatu walitazama miguu ya Redio. Kulikuwa na baridi ya kutoa mvuke mdomoni, naye alikuwa amevaa ndala mpya, lebo ya duka bado inaning'inia, juu ya soksi za sufu.

— Nazifanyia mazoezi, alisema Redio.

— Achana na ghorofa, alisema Daktari. Hoteli ni hii ya Kasa. Ina daktari wa zamu, ina matibabu ya matope, na ngazi zake zina mahali pa kushika. Goti halina mzaha, ndugu yangu.

— Goti langu ni zima, alisema Katapila.

— Naongelea goti kwa ujumla, alisema Daktari, akilisugua la kwake. Tena kuna suala la nazi. Nazi ikidondoka haikuulizi wewe ni mgeni au mwenyeji. Tiba yake ni helmeti. Mtu analala ufukweni na helmeti yake ya hoki, hana wasiwasi. Mimi ninazo mbili.

— Mbili za nini?

Daktari alifikiri kidogo.

— Za vichwa.

— Na vitanda vya jua je? alisema Redio. Huko ukichelewa kuamka, wageni wengine washatandika taulo zao, umekwisha. Inabidi saa kumi alfajiri mtu awe ameshafika. Mimi saa kumi si tatizo! Nimeamka saa kumi maisha yangu yote kwa ajili ya samaki. Nakwenda na tochi, natoboa mchanga, nasimika bendera.

— Utoboe mchanga kwa nini?

— Watu waheshimu.

Hapo ndipo Katapila alipoona kwamba wenzake wote wawili walikuwa wameshafunga mabegi moyoni. Hakuna aliyemwomba. Kila mmoja alikuwa anachagua hoteli ya kumfaa yeye mwenyewe na kusubiri kuambiwa. Na hangeweza kuwakasirikia. Redio aliyeyusha barafu kwenye mabomba ya nyumba ya Katapila majira matatu ya baridi, akakataa hata chai. Daktari ndiye aliyempeleka marehemu mke wa Katapila, Irma, hospitali safari ya mwisho, na njia nzima hakuwasha king'ora kwa sababu Irma hakupenda kelele. Akimwandika mmoja, mwingine atabaki peke yake kwenye benchi. Akimwandika Doreen, na Doreen akakataa, benchi lenyewe litakuwa gumu kukalia.

Doreen alitoka na birika, kalamu ikiwa sikioni.

— Bado tu? Saa tano na robo hiyo.

— Tunachuja, alisema Redio.

Hoteli ya tatu, Nyumba ya Upepo, hakuna aliyeitaja. Ilikuwa na vyumba kumi na viwili, na Redio alikuwa ameweka kikombe chake juu ya picha ya hoteli hiyo. Doreen alikiinua kikombe, akapangusa alama ya kahawa, akaitazama picha kwa muda mrefu kuliko kupangusa kunavyohitaji. Kisha akakirudisha kikombe mahali pake. Katapila aliona.

— Doreen, alisema.

— Naam?

— Sukari.

— Hujawahi kutia sukari tangu nikujue.

— Leo nataka.

Alitiliwa vijiko viwili. Akanywa, uso ukamkunjamana.

Mwendo wa saa tano na nusu alipita Jacinth, muuguzi wa zahanati, aliyehamia mjini Januari. Alikuja kununua mtego wa panya. Redio alimzuia kabla hajagusa mlango.

— Dada, hebu njoo utuamulie. Wewe si ndiko kwenu huko? Lulu Kuu au Kasa?

— Kwetu ni kisiwa kingine, baba. Halafu mimi hotelini sijalala hata siku moja. Mama yangu alikuwa anafua mashuka ya hoteli.

— Basi unazijua kwa ndani!

— Nayajua mashuka.

Alinyoosha mkono kuomba fomu. Katapila alimpa, na kidole gumba kikaondoka pale kilipokuwa. Jacinth alisoma mpaka chini, akainua macho.

— Kwani unakwenda na nani?

Redio aliinama kutazama ndala zake. Daktari alitazama ziwani kama mtu aliyeona pipa likiibuka. Malori mawili yalipita barabarani.

Doreen alitoka tena, birika amelipindua mkononi.

— Imekwisha hiyo. Anayetaka nyingine asubiri.

— Doreen, alisema Katapila.

— Sukari tena?

— Hapana. Wewe ungechagua ipi?

Doreen alisimama. Watu humwuliza kuhusu misumari, rangi na kamba za mashua. Redio, bila kuambiwa, alikiondoa kikombe chake juu ya picha.

— Hii, alisema Doreen. Haina ghorofa, haina mabwawa. Ina viti vinavyotazama maji, halafu kahawa inaletwa na mtu mwingine.

— Mstari wa pili uko wazi, alisema Katapila. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyopanga. Kama hupendi, hamna neno.

Doreen alichukua fomu kwa Jacinth, akaiweka juu ya goti zima la Daktari. Akatoa kalamu sikioni, akaitia alama Nyumba ya Upepo, akaandika jina lake kwa herufi zilezile kubwa anazoandikia makopo ya rangi. Pembeni akaongeza maneno mawili, akayasoma kwa sauti.

— Vyumba viwili, Arvo.

— Viwili, alisema Katapila.

Redio aliinama, akakata lebo ya ndala zake kwa meno.

— Nitazivaa ziwani, alisema. Daktari, zile helmeti bado unazo?

— Mbili.

— Basi zinatosha. Wape.

Daktari alitikisa kichwa kukubali, akampa Katapila fomu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nane, na kwa katibu ni mwendo wa dakika sita. Katapila alisimama, akavuta koti, akaanza kwenda.

— Samahani, wazee, alisema Jacinth, mkono tayari kwenye mlango wa duka. Na wiki hiyo kahawa atachemsha nani?

Redio alimtazama Daktari. Daktari alilitazama birika. Katapila, aliyekuwa ameshafika kona, aliongeza mwendo.